Mbuga Nayo Ilipwe



Tulipopita vijiji vya ukingoni mwa mbuga ya Wembere, tukikusanya ada na kuandikisha wanachama wapya, tulifanya mkutano chini ya mkuyu katika kijiji kimoja. Mambo ya tawi yalipokwisha, mama mmoja mzee aliomba kusema. Kijiji kile kilikuwa kimepitiwa na mkandarasi aliyechimba kifusi cha barabara kando ya mbuga. Alichimba, akalipa fidia, akaondoka. Shimo likabaki, mkondo wa maji ukageuka na kulifuata shimo, na upande wa pili matete yakakauka. Mama yule hakulalamikia hesabu ya fedha zake. Alitwambia hivi: "Wanangu, mtama wangu umelipwa. Miembe yangu miwili imelipwa. Ile mbuga iliyotupa kambare na nyasi za kuezekea, nani ameilipa?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba karatasi ya fidia tukaisoma mbele ya watu. Ilikuwa na safu ya jina, safu ya mazao, safu ya nyumba, safu ya makaburi. Safu ya mbuga haikuwapo. Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili kutoka tawi hadi tawi, na leo twaleta mawazo yetu mbele yenu myapime.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Watu wa mijini wakisikia mbuga hufikiri simba na magari ya watalii. Sisi wa bara tunajua mbuga ni bonde la udongo mweusi, linalojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki twaishi kwa maji ambayo mbuga imeyaweka. Ng'ombe wa mwezi wa Septemba hula majani ya mbuga. Kisima cha mwezi wa Oktoba ni cha mbuga. Mpunga ni wa mbuga, na ndege wa majini huja kwa ajili ya mbuga. Kwa hiyo asemaye kwamba mbuga ni nchi tupu amekuja Agosti, akatazama, akarudi mjini kabla ya mvua.

Maji haya nayo yana safari yake. Ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri kule Iramba. Yakitoka Kitangiri hushuka kwa mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi, mpakani mwa Mkalama, katika nchi ya ndugu zetu Wahadzabe. Basi anayeziba mkondo juu hamdhuru jirani yake peke yake. Amemgusa mvuvi wa Kitangiri asiyemjua, na mwindaji wa Eyasi ambaye hajapata kumwona. Mjini Singida kwenyewe tuna Singidani na Kindai, maziwa ya magadi, ambako heroe huja kula. Wageni huwapiga picha, na sisi huwatupia takataka.

Sasa maendeleo yanakuja, nasi tunayataka. Tusiache mtu yeyote aseme kwamba twayapinga. Reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2021, inapita Manyoni na Itigi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika nchi yetu, mkoa huu wa Singida ukiwa mmoja wa mikoa inayopitiwa. Dhahabu inachimbwa Ikungi. Korosho imeingia Manyoni, nayo ni zao la fedha. Katika bonde la Eyasi na Wembere Shirika la Maendeleo ya Petroli limekuwa likitafuta mafuta. Haya yote ni kazi, ni kodi, ni njia ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mtoto wa mkulima hawezi kusomea taa ya kibatari milele ili heroe wapate raha.

Lakini kupenda maendeleo si sababu ya kukataa hesabu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto anayeandika mapato bila kuandika matumizi hajajua kujumlisha. Nchi inayoandika tani za dhahabu na kilomita za reli, isiandike kisima kilichokauka, imefanya kosa la mtoto yule.

Wenye fedha wakubwa wa dunia wamekwisha kuijua hesabu hii. Shirika la Fedha la Kimataifa la kukopesha makampuni, lililo chini ya Benki ya Dunia, lina kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2012. Zinamtaka mkopaji aepuke kwanza madhara kwa makazi ya viumbe, asipoweza, ayapunguze, kisha atengeneze alipoharibu, na kinachobaki akifidie kwa kuhifadhi au kufufua mahali pengine, ili jumla isipungue. Mahali penye thamani ya pekee wanataka jumla iongezeke. Utaratibu ni mzuri. Lakini umeandikwa na mkopeshaji kwa ajili ya mkopaji. Mama wa Wembere hakuuona, wala hawezi kumshitaki mtu kwa huo. Na mkandarasi wa kifusi asiyekopa nje hana wa kumwuliza.

Watu wengine watasema: Sheria ipo. Ni kweli, ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na wananchi wasikilizwe. Inakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 juu ya ardhi oevu, taifa letu limo tangu mwaka 2000, na mahali panne pamekwisha kuandikishwa: Malagarasi na Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji, Mafia na Kilwa. Wembere haimo katika hayo manne. Basi Wembere inalindwa na sheria ya watu wote kwa jumla, na mali ya kila mtu huchungwa na nani? Tumesoma daftari za sheria ndogo katika vijiji tulivyopita. Tumekuta faini ya ng'ombe aliyeingia shambani, faini ya pombe saa za kazi, faini ya kutohudhuria msaragambo. Hatukukuta mstari mmoja unaosema atakayeharibu mbuga afanye nini ili irudi.

Na uwezo wa kuutunga mstari huo tunao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mkutano Mkuu wa Kijiji huzijadili, na Halmashauri ya Wilaya huzikubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na ikiwa haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, neno ni la Waziri, lakini hana budi kupata kwanza maoni ya Mkutano Mkuu. Uhuru tuliopigania ni pamoja na uhuru huu. Enzi ya Wajerumani walikuwa na mpango wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kumwagilia pamba hapo Wembere, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Leo mwenyeji ana kiti, ana kura, ana muhuri. Akiacha kuvitumia asimlaumu mgeni.

Basi sheria ndogo hizo ziseme nini? Sisi twapendekeza mambo matano.

Jambo la kwanza, kijiji kiandike mapema mahali pasipouzika kwa fidia yoyote. Chemchemi ya kunywa, mahali pa mazalio ya ndege na samaki, mapito ya maji. Kuna vitu ambavyo havina pacha. Vichaka vya Itigi, vinavyofunga njia hata mbwa akapita kwa shida, havipo duniani isipokuwa hapa kwetu na katika nchi ya kusini ya Ziwa Tanganyika upande wa Zambia na Kongo. Na huko Zambia sehemu kubwa imekwisha kufyekwa. Tukivifyeka vyote vya kwetu, tutavifidia kwa kichaka cha nani? Hali kadhalika Natron. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, walio wengi kuliko wote duniani, huzalia pale peke yake kwa uhakika. Ulipokuja mpango wa kiwanda cha magadi katika miaka ya 2006 hadi 2008, wananchi na wataalamu walipiga kelele, na kampuni ya kigeni ikajitoa. Ndege wanaokula Singidani ni wa kundi hilo hilo. Wangepoteza kitanda chao Natron, hata sisi wa Singida tungeona ziwa tupu.

Jambo la pili, hesabu ifanywe kabla tingatinga halijawashwa, na ifanywe misimu miwili: masika na kiangazi. Mpimaji wa Agosti peke yake asikubaliwe. Na wenyeji wahesabu pamoja naye, maana mchungaji anajua kidimbwi ambacho ramani haikukiona.

Kuacha hesabu mpaka mwisho ni ghali. Tukumbuke Kihansi. Bwawa lile la umeme wa megawati 180 lilikamilika mwaka 2000. Chura mdogo wa maporomoko yale, asiyekuwapo mahali pengine duniani, alikuwa amegunduliwa miaka ya mwisho ya ujenzi. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, mvuke wa maporomoko ulikatika na makazi yake yakakauka. Ikabidi kuweka mabomba ya kunyunyiza maji mlimani, ikabidi kuwasafirisha vyura hadi Marekani wakatunzwe, na mwaka 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 walianza kurudishwa. Watu walicheka kwamba serikali inabeba vyura kwa ndege. Yafaa tucheke kidogo, kisha tujiulize: ingegharimu kiasi gani kama chura angehesabiwa kabla ya ramani kuchorwa?

Jambo la tatu, fidia ya mbuga iwe mbuga, iwe karibu, na iwe kubwa kuliko iliyoharibiwa. Mtu akiharibu hekta moja ya maji ya Wembere, asitupandie miti Iringa akatuletea picha. Afufue mbuga inayolisha mkondo ule ule, ili Kitangiri isikose haki yake. Tena tunasema kubwa zaidi kwa sababu kila mkulima anajua mbegu zote haziwezi kuota. Wamarekani wana sheria ya maji tangu mwaka 1972 inayomtaka mtu apate kibali kabla ya kufukia ardhi oevu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilijiwekea shabaha kwamba jumla ya ardhi oevu isipungue. Mwaka 2001 baraza la wataalamu wao lilichunguza likakuta shabaha haikufikiwa: baadhi ya mabwawa yaliyoahidiwa hayakuchimbwa, na mengine yalichimbwa yakawa madimbwi yasiyo na kitu. Ndipo mwaka 2008 wakaandika kanuni kali zaidi. Ikiwa taifa lenye mahakama nyingi na wapimaji wengi limedanganywa hivyo, kijiji cha Mkalama kitadanganywa upesi zaidi kama kinakubali ahadi badala ya kazi. Kwa hiyo ufufuaji uanze kabla ya uharibifu, au angalau siku moja nao.

Jambo la nne, fidia idumu muda wote wa madhara, na isibadilishwe na mradi wa pili. Hapa jirani zetu wa Uganda wana somo. Bwawa la Bujagali, linalotoa megawati 250, lilizamisha maporomoko ya Naili. Serikali ya Uganda na Benki ya Dunia zilikubaliana mwaka 2007 kwamba Kalagala, maporomoko yaliyo chini yake, yahifadhiwe kuwa fidia. Kisha likajengwa bwawa jingine, Isimba, megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakapanda yakaifunika sehemu ya eneo lile la fidia. Ikabidi kukaa mezani upya kupanga eneo jingine. Fidia inayoweza kufidiwa tena mwisho wake ni karatasi. Hivyo sheria ndogo iseme wazi: mahali palipowekwa kuwa fidia pameingia katika orodha ile ya kwanza, ya mahali pasipouzika. Na fedha ya kupatunza iwekwe mapema katika akaunti yake, isichanganywe na posho za vikao, hesabu yake isomwe mbele ya Mkutano Mkuu kila unapokutana, yaani kila miezi mitatu.

Jambo la tano ndilo tunalolishika kwa mikono miwili: mwananchi asilipe mara mbili. Twajua hatari iliyomo. Kampuni itaharibu mbuga hapa, kisha mtu mwenye kofia atakuja kule na kusema, "Eneo hili sasa ni fidia, ondoeni ng'ombe." Mfugaji wa Kitaturu au Kisukuma atakuwa amepoteza malisho mara ya kwanza kwa bomba na mara ya pili kwa ndege. Sisi hatutaunga mkono fidia ya namna hiyo hata ikiitwa kwa jina zuri. Eneo la fidia lichaguliwe na Mkutano Mkuu wenyewe. Malisho yapangwe kwa kalenda, yasikatazwe kwa bunduki. Walinzi na wapanda matete wawe vijana wa kijiji kile kile, na mshahara wao utoke kwa aliyeharibu.

Je, wanakijiji wanaweza kulinda na kufufua bila kufukuzwa? Tutazame kwa jirani zetu wa Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imeitwa jangwa. Tangu mwaka 1986 hadi 2004, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu walirudia desturi yao ya Kisukuma ya ngitiri: kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua kiangazi majani mengine yanapokwisha. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudisha miti na majani. Walioziweka ni wazee, dagashida na sheria ndogo za vijiji. Hawakuacha kufuga. Walifuga kwa utaratibu.

Sasa twageukia nyumba yetu wenyewe, maana kidole kinachomwonyesha mkandarasi peke yake hakina haki. Nani analima mpunga ndani ya mita 60 za mto? Wamo wanachama wetu. Nani anafyatua tofali kwa udongo wa ukingo wa ziwa na kuzichoma kwa miti ya kilima? Wamo wanachama wetu. Na yuko kiongozi anayekula kuku na mkandarasi usiku, asubuhi akawaambia watu watie sahihi upesi maana mgeni ana haraka. Sheria ndogo ikitungwa itatugusa sisi kwanza, na ikitugusa tuipokee. Mwenye jembe afidie kwa kadiri ya jembe, na mwenye tingatinga kwa kadiri ya tingatinga. Tusimtoze mkulima wa eka moja kama mwenye mgodi, wala tusimwachie kabisa.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatawakimbiza wenye mitaji waende mikoa mingine. Tumelifikiri hilo, kwa kuwa vijana wetu wanahitaji kazi. Jibu letu ni kwamba mwenye mtaji wa kweli huogopa zaidi lisilojulikana. Akikuta sheria imeandikwa, ramani imechorwa na bei inajulikana, ataingiza gharama katika hesabu yake ya mwanzo. Anayekimbia kwa sababu ameambiwa aache mbuga kama alivyoikuta, huyo alikuja na hesabu ya kutuachia shimo.

Tena tusisahau kwamba hili si wazo la wageni. Mwezi wa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha kwamba wanyama wa porini na makazi yao ni amana ya vizazi vijavyo. Wengi huchanganya tamko lile na Azimio la mwaka 1967, lakini ni mambo mawili. Taifa lilitoa ahadi ya mbuga kabla halijapandisha bendera.

Basi kazi iko mbele yetu. Ofisi ya Maji ya Bonde la Kati iko hapa hapa Singida mjini; katibu wa tawi aende akaulize mkondo wa kijiji chake unaelekea wapi. Walimu wawatoe watoto wa darasa la sita nje wakachore ramani ya mbuga wakati wa masika, na wachore tena kiangazi. Wajumbe walete ramani hizo mbili katika Mkutano Mkuu ujao, na mambo haya matano yasomwe, yabishaniwe, yarekebishwe, yapigiwe kura. Mahali tulipokosea tusahihishwe na wanaoijua mbuga kuliko sisi.

Mama yule wa Wembere tulimwahidi kurudi. Mbuga yake hatuwezi kuirudisha kwa makala ya gazeti. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba karatasi itakayoletwa chini ya mkuyu ule safari nyingine ina safu moja zaidi, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa kiandikwe nini ndani yake.